Muulize Fundi: Skopu ya bunduki ya vita inacheza, nikaze wapi?

Mwezi huu barua zimejaa kitu kimoja, sijui ndo msimu wa shabaha umefunguliwa huko kwa wenzetu wa kaskazini au vipi, ila karibu kila anayeandika anauliza bunduki za wadunguzi za zamani, zile za vita ya pili ya dunia, ambazo skopu zake (darubini za kulengea) hazitulii. Wengi wako nje, Kanada, Uingereza, Marekani, ambako mtu mwenye kibali chake anaweza kununua bunduki ya mwaka 1943 na Jumapili akaenda nayo renji, uwanja wa shabaha, bila kuulizwa na mtu. Nimechagua chache, moja mbili nazijibu kwa urefu kwa sababu ndo zimebeba matatizo ya wengi.

Kabla hatujaanza: risasi zitoke, bolti itoke nje kabisa, uchungulie chemba kwa macho na uingize kidole kabisa, na hizo risasi zikae chumba kingine. Hilo sitalirudia kwenye kila jibu, we lichukulie limeandikwa.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Winnipeg, nina Mosin ya mdunguzi, bunduki ya Kirusi ya kiwanda cha Izhevsk ya 1943, na skopu yake ya PU. Magazini ya kwanza risasi tano zinakaa pamoja vizuri tu mita 100, ila bunduki ikishapata moto zinaanza kuhama, mpaka sentimita 10 hivi juu kushoto. Nikikaza skurubu zote siku hiyo inatulia, wiki inayofuata yale yale. Nimekaza mpaka mfereji wa skurubu moja umeanza kuliwa. Jamaa mmoja klabuni ananiambia nimwage epoksi tu yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza weka bisibisi chini. Unakaza kitu ambacho hujajua kama ndo kinacholegea, na skurubu nyingi za bunduki hizi zimefia hapo hapo, mezani kwa mtu, wakati vitani zilirudi nzima.

Hebu tufanye hesabu. Sentimita 10 kwenye mita 100 ni sehemu moja kwa elfu. Chukulia kati ya pale kishikio kinaposhikwa mbele na pale kinaposhikwa nyuma kuna milimita 100, basi sehemu moja kwa elfu ya hapo ni milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari. Ndo maana ukitingisha kwa mkono unaona kitu kiko imara afu kwenye tageti kinakuaibisha, macho hayaoni 0.1.

Sasa tukijue kishikio chenyewe. Miaka ya 1930 Warusi walikuwa na vishikio vya skopu za PE na PEM, vizuri lakini vizito na vya gharama, vita ilipowabana mwaka 1942 wakaingiza hiki cha Kochetov ambacho kiwanda kinakitoa haraka, wakakipa skopu ya PU ya kukuza mara 3.5 ambayo ilishakuwepo kwenye bunduki zao nyingine za SVT-40. Kuna besi, hicho kipande kilichofungwa ubavu wa kushoto wa risiva (mwili wa bunduki unaobeba bolti) kwa skurubu mbili kubwa na pini mbili. Mbele ya besi kuna kichwa cha mviringo ambacho kishikio kinakikalia na kuzungukia, nyuma mkia wa kishikio unaingia kati ya skurubu mbili, moja inasukuma kutoka juu na nyingine kutoka chini, hizo ndo za kupandisha na kushusha kwa jumla kabla hujagusa namba za kurekebishia za skopu yenyewe. Afu kuna skurubu kubwa ya kichwa chenye meno, unaikaza kwa vidole, ndo inafunga kishikio kwenye besi. Na mwisho ringi zinazoshika skopu. Kwahiyo una sehemu nne za kucheza: besi na risiva, kile kichwa cha mbele, mkia wa nyuma, na ringi. Ukikaza zote kwa mkupuo hutajua ni ipi ilikuwa na kosa, na ndo maana wiki inayofuata unarudi pale pale.

Kupata inayocheza tumia mafuta. Futa maungio yakauke kabisa, funga bunduki kwenye vaisi yenye mbao au ngozi, dondosha tone dogo la mafuta mepesi kwenye mstari ambapo besi inakutana na risiva, afu shika kishikio (usishike bomba la skopu, utalipinda) utingishe huku unaangalia kwa taa. Kama besi inacheza utaona mafuta yanavutwa ndani na kutoka, mara nyingine na vipovu. Futa, hamia sehemu inayofuata. Dakika kumi una jibu, bila hata kugusa skurubu.

Kwa maelezo yako ya joto mi naanza na besi, na mshukiwa wangu ni grisi. Baada ya vita bunduki hizi zilipita kwenye maghala ya ukarabati, zikachovywa kwenye grisi nzito ya kuhifadhia ikaingia kila tundu, na nyingine nyingi zilivuliwa skopu kabisa, matundu yakazibwa, miaka mingi baadaye mtu akayafungua na kufunga besi mpya. Grisi ikiwa baridi ni ngumu, skurubu unaikaza inakaza, mtutu ukipata moto grisi inayeyuka inatambaa chini ya besi na kwenye uzi wa skurubu, basi ule mbano unapungua. Ila usiniamini mimi tu, kuna kitu kingine cha joto ambacho hakihusiani na skopu kabisa: kitako cha mbao. Kaza zile skurubu mbili za chini zinazoshika risiva kwenye mbao, uangalie kama mbao haigusi mtutu upande mmoja, maana mtutu wa moto ukiegemea mbao nao unahamisha risasi na we utabaki unailaumu besi ya watu.

Kama mafuta yamekuonyesha ni besi, itabidi itoke. Hapa ndo pa kuwa na subira. Kabla hujagusa skurubu kubwa angalia ukingoni mwa kila kichwa, kuna kiskurubu kidogo sana, mara nyingi kimefunikwa na rangi au uchafu watu hawakioni, kazi yake ni kuifunga ile kubwa isizunguke. Ukilazimisha kubwa wakati kidogo bado kipo ndo mfereji unaliwa, na nina wasiwasi hicho ndo kimekukuta. Chokonoa uchafu kwa sindano, toa vidogo kwanza. Bisibisi iwe inajaa mfereji kwa upana na unene, na ncha yake iwe na kuta sambamba, hizi za kawaida za dukani zimechongoka zinapanda juu na kutoka. Mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, asubuhi pasha kwa ile mashine ya hewa moto mpaka pawe moto wa kutoshikika, gonga bisibisi kidogo kwa nyundo huku unasukuma, afu zungusha. Mfereji ulioliwa usikimbilie tupa, chuma kimeinuka tu pembeni, kirudishe kwa kugonga taratibu na nyundo ndogo kisha ndo usafishe.

Besi ikitoka osha kila kitu kwa asetoni au brekiklina, matundu yote, pasha moto tena, grisi itatoka tena, osha tena, mpaka pamba itoke nyeupe. Kisha angalia pini. Hili watu hawalielewi: skurubu inabana, pini inazuia. Bunduki ikipiga teke inarudi nyuma, lakini skopu na kishikio chake, nusu kilo na ushei, vinataka kubaki pale vilipokuwa, kwahiyo kila risasi inaivuta besi kwenda mbele. Pini zikiwa zimejaa matundu yake zinabeba hiyo kazi. Zikiwa zimeliwa, skurubu ndo zinabeba, nazo hazikutengenezwa kwa hilo, zitalegea hata uzikaze kwa trekta. Ukiona pini inaingia kwa kusukuma na kidole, mpe fundi wa mashine apanue matundu kidogo kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) na akereze pini za chuma cha pua au cha kawaida zinazoingia kwa kugongwa. Ni kazi ndogo kwa mwenye vifaa, kwa drili ya mkononi usithubutu.

Cheki pia kama besi inalala vizuri kwenye risiva. Paka bluu ya fundi (rangi ya kuonyesha mguso) nyembamba kwenye risiva, bandika besi, bandua, utaona inagusa wapi. Besi ya asili kwa kawaida inagusa sehemu kubwa, zile za kuigiza zinazouzwa sasa mara nyingi zinagusa kona mbili tu na katikati kuna hewa. Ukichonga, chonga besi. Risiva usiiguse kwa tupa hata siku moja.

Kurudisha: pini kwanza, skurubu kubwa na tone dogo la gundi ya uzi ya bluu, ile ya nguvu ya kati kama Loctite 243, unazikaza kwa zamu kidogo kidogo, kisha viskurubu vidogo. Ile nyekundu achana nayo, hiyo kuitoa inataka moto kama nyuzi 250 na siku moja mwenye bunduki baada yako atakulaani. Iache siku nzima ikauke. Rudisha bolti taratibu na usikie kama inakwaruza popote, maana skurubu ikiwa ndefu zaidi ya ile ya zamani inaweza kutokeza ndani. Maliza na mkia: legeza ya juu kidogo kaza ya chini, au kinyume chake, mpaka unapotaka, zote mbili ziwe zinasukumana, ikiwa moja inaelea hewani hiyo ni kazi bure. Chora kistari cha rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha skurubu mpaka kwenye besi, safari nyingine ukitoka renji unaangalia tu kama mistari bado imenyooka.

Epoksi hapana. Jamaa yako ana nia njema lakini akimwaga hiyo kitu kwenye bunduki ya 1943 ambayo bado ina besi yake, amekupunguzia nusu ya sababu ya kuinunua.

SWALI: Habari fundi. Mimi na mume wangu tuko Leicester, tunapiga shabaha za bunduki za zamani Bisley. Baba mkwe alituachia bunduki ya mdunguzi ya Kiingereza, Lee-Enfield No. 4 (T), na skopu ya No. 32, namba zote zinafanana. Mwaka huu risasi zimekuwa zikitawanyika, mume wangu anasema ni macho ya uzee (ana miaka 44!). Mimi nahisi ile pedi ya mbele, kipande cha ubavuni kinachobeba braketi ya skopu, inacheza. Je, tunaweza kuikaza wenyewe?

JIBU: Salama dada, na mwambie shemeji macho yake hayana kosa, we ndo uko sahihi. Pedi ya mbele ni ugonjwa unaojulikana wa bunduki hii, wanaozirekebisha wote wanaujua.

Mnacho kitu cha heshima hapo. Bunduki hizi zilichaguliwa viwandani kati ya zile zilizopiga vizuri kuliko wenzake, zikapelekwa kwa watengenezaji bunduki wa Uingereza, Holland & Holland wakazifunga skopu kuanzia 1942. Na hiyo skopu, ya kukuza mara 3, ilibuniwa iwe ya bunduki ya rashasha ya Bren, ndo maana nzito namna hiyo, yenyewe na braketi yake ni karibu kilo moja. Babu zetu wa KAR (King's African Rifles) waliopelekwa Burma na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walibeba bunduki za risasi hiyo hiyo ya 303 na teke lake wakilijua, sasa weka kilo moja ya chuma juu yake. Kila risasi hiyo kilo inavuta pedi.

Pedi ya nyuma hukaa imara zaidi. Ya mbele imeshikwa kwa skurubu pamoja na lehemu laini kati yake na ubavu wa bunduki, na vichwa vya skurubu vimegongwa pembeni visizunguke. Lehemu ndo inayobeba kazi. Ikishapasuka, baada ya miaka themanini na maelfu ya risasi, skurubu zinabaki peke yake na zinaanza kulegea. Kwahiyo jibu la swali lako: mkikaza skurubu tu mtakuwa mmetibu homa na kuacha malaria.

Kuhakikisha, fungueni zile skurubu mbili kubwa za vidole, toeni skopu na braketi yake, fanyeni jaribio la tone la mafuta nililomwambia kijana wa Winnipeg hapo juu, safari hii pembezoni mwa pedi. Gongeni pedi kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Ikiwa nzima mafuta hayasogei. Ikiwa lehemu imepasuka mtaona mstari mwembamba unapumua.

Tiba yake: skurubu zinatolewa, pedi inabanduliwa, lehemu ya zamani inafutwa, pande zote mbili zinapakwa lehemu mpya nyembamba, pedi inarudishwa mahali pake na skurubu zake, inapashwa moto mpaka lehemu ishike, kisha skurubu zinagongwa tena. Lehemu laini ya bati na madini ya risasi inayeyuka nyuzi 183 hivi, joto ambalo chuma cha bunduki hakilijali. Hapo ndo hatari iliko, kuna mafundi watakaowaambia lehemu laini haina nguvu, tutie ya fedha. Ya fedha inataka nyuzi 600 na zaidi, na mwili wa No. 4 umefanywa mgumu sehemu ambazo bolti inafungia, ukipasha hivyo ule ugumu unaondoka na hamtauona kwa macho kwa sababu rangi imefunika. Bunduki itaonekana nzuri kabisa, imepakwa rangi inang'aa, na ni ya kutupa. Akisema fedha, au akisema kuchomelea kwa umeme, chukueni bunduki yenu muondoke hata kama ameshawapa chai.

Uingereza anayepokea bunduki ya mtu na kuifanyia kazi anatakiwa awe muuzaji silaha aliyesajiliwa, kwahiyo tafuteni mwenye usajili na aliyewahi kufanya No. 4 (T) hasa. Mwenye usajili bila uzoefu wa hizi ni afadhali mngoje. Muulizeni anapimaje joto, akijibu "kwa macho" ahsante kwaheri, zipo chaki maalum zinazoyeyuka kwenye joto fulani, mwenye kuijua kazi anazo. Muulizeni pia skurubu atatumia zipi, hizo ni uzi wa BA, uzi wa zamani wa Kiingereza, ukilazimisha skurubu ya milimita inayokaribiana ni kuharibu tundu.

Pedi isichongwe. Hata kama baada ya kazi risasi zinakwenda pembeni kidogo. Pedi, braketi na bunduki viliwekwa sawa pamoja kama seti moja, ndo maana namba ya bunduki imegongwa kwenye braketi, na namba ya skopu imegongwa kwenye mbao pale kwenye kiuno cha kitako. Mkikuta namba zote zinaoana kama ulivyosema, na ile herufi T ubavuni na TR karibu na kitako, basi hata skurubu moja ya zamani iliyotoka iwekeni kwenye kibahasha muihifadhi pamoja na bunduki. Msipake rangi mpya. Mikwaruzo ile baba mkwe kaiacha, iacheni.

SWALI: Fundi, niko Nakuru. Kuna mzee hapa ana bunduki ya kuwinda ya 303 ya zamani yenye darubini, ina license, darubini inatingika. Kuna fundi wa jua kali karibu na stage anachomelea mageti na anasema atamaliza kwa dakika tano. Mzee amenituma niulize kama ni sawa.

JIBU: Mpe mzee shikamoo zangu, na umwambie asithubutu. Mambo ya moto nimeshayaeleza kwa dada wa Leicester hapo juu, mchomo wa umeme ni joto kubwa zaidi hata ya ile ya fedha, unaharibu chuma pale pale panapozuia mlipuko usimfikie usoni. Huyo fundi wa mageti namheshimu, geti likikatika utalichomelea tena, uso wa mzee hautachomelewa.

La pili ni sheria. Kwa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kutengeneza silaha ya mtu kama biashara ni kwa aliyesajiliwa kuwa muuzaji silaha, na hata kumwachia bunduki mtu asiye na kibali ni kosa la mzee mwenyewe, leseni inaweza kwenda. Aende kwa duka la silaha lenye usajili, kama hajui ni lipi aulize ofisi aliyopatia leseni. Bongo nako ni hivyo hivyo, tuna sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, msije mkasema huku ni rahisi. Wakati anangoja aitoe hiyo darubini kabisa, aweke kwenye boksi, bunduki ya 303 ilizaliwa na vituo vyake vya chuma vya kulengea na wazee wengi hawakuwahi kuhitaji kingine.

SWALI: Kaka, salamu kutoka Minneapolis. Nina bunduki ya mdunguzi ya Kimarekani, Springfield M1903A4, ile ya kiwanda cha Remington, skopu ya Weaver. Niliitoa skopu kusafisha nikaizungusha ikatoka, kuirudisha nikaizungusha tena, sasa ringi ya mbele inalegea kwenye besi. Je nigonge ringi kidogo ibane?

JIBU: Usigonge chochote kaka. Tuanze na ulichofanya. Besi ya Redfield kwenye A4 haina skurubu ya kushika ringi ya mbele, ringi ina ulimi chini unaouingiza kwa pembeni afu unazungusha robo mzunguko ukajifunga. Nyuma ni tofauti, huko kuna skurubu mbili, kulia na kushoto, vichwa vyake vinabana ringi ya nyuma katikati yake. Ule mzunguko wa mbele watu wengi wanaufanya kwa kutumia skopu yenyewe kama mpini, na bomba la hiyo Weaver ni jembamba, inchi 3/4 tu, linapinda na ulimi unaliwa upande mmoja. Kinachotakiwa ni kipande cha mbao ngumu cha mviringo chenye unene huo huo, unakifunga kwenye ringi, unazungushia hicho, kikivunjika kimevunjika kipande cha mbao.

Ulimi ukishaliwa dawa ni ringi nyingine. Zinatengenezwa mpya za muundo huo, ile ya zamani iweke kabatini. Kugonga kutabana leo, kesho ule uvimbe utalala na besi nayo itakuwa imekwaruzwa, na besi ndo kitu cha thamani. Ringi mpya ikiingia ngumu sana, paka grisi kidogo, zungusha robo, rudisha, zungusha, mpaka ikae mstari mmoja na mtutu, kisha usiitoe tena bila sababu, kila kuitoa ni kuila.

Cheki nyuma pia. Zile skurubu mbili zinakazwa kwa zamu, legeza moja ndo ukaze nyingine, ukikaza tu upande mmoja unalisukuma bomba lote. Mtu akiniambia A4 yake inahama kulia na kushoto tu huku juu na chini imetulia, naangalia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa kuwa hizi A4 hazikuwekwa kituo cha mbele cha chuma kabisa, skopu ikilegea huna kingine cha kulengea.

SWALI: Nina Mauser K98k ya Kijerumani, ya reli fupi ya pembeni ya kushikia skopu, ina skurubu tatu tu. Rafiki kaniambia niongeze pini kama walivyofanya Wajerumani. Kweli?

JIBU: Walifanya, ni kweli. Reli fupi ya skurubu tatu ilikuwa inalegea, wakawa wanaongeza pini mbili za kuchongoka na viskurubu vya kufungia, na ilipokuja reli ndefu mwaka 1944 ilikuwa na hivyo vyote tangu kiwandani. Lakini walikuwa vitani, we uko na bunduki ambayo imefika leo bila kutobolewa zaidi, na zilizobaki hivyo ni chache, wanaojua wanazitafuta. Safisha grisi, gundi ya bluu, kistari cha rangi, piga risasi za nguvu ndogo. Kama bado inalegea, iwe ya kutazama na utafute nyingine ya kupigia.

SWALI: Besi imara, ringi imara, lakini skopu yenyewe inateleza mbele ndani ya ringi, naona alama kwenye rangi. Nikaze zaidi?

JIBU: Ukikaza zaidi utalibonyeza bomba, na ndani ya bomba kuna lenzi. Toa, futa mafuta yote ndani ya ringi na kwenye bomba, maana watu wanapaka mafuta mpaka humo. Kisha saga unga wa ule ulimbo mkavu wanaopaka wapiga fidla kwenye nyuzi za pinde, nyunyiza kidogo ndani ya ringi, funga. Unashika ajabu na unatoka kwa spiriti. Kingo za ringi zikigusana juu na bado bomba halijabanwa, weka ukanda mwembamba wa shaba chini, mafundi wa majeshi walifanya hivyo hivyo. Wale wanaosugua ringi kwa msasa ili zilingane, hiyo ni ya ringi za kisasa za dukani, ya zamani iliyogongwa namba hapana.

SWALI: Nitajuaje kama kinachocheza ni kishikio au ni skopu yenyewe ndani?

JIBU: Funga bunduki imara isisogee hata kidogo, bila bolti, chungulia kwenye skopu na uelekeze msalaba kwenye kitu cha mbali, kona ya jengo, bango, chochote kisichotikisika. Zungusha namba za juu hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Msalaba unatakiwa urudi pale pale. Kisha gonga bomba taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao huku unachungulia. Ukiruka wakati besi na ringi hazijasogea, tatizo liko ndani.

Skopu hizi za zamani zina ulegevu kidogo kwenye namba zake kwa asili, No. 32 ya toleo la kwanza hatua zake za juu ni kwa kila yadi 50 na kuiweka sawa lazima uwe na mikono mitatu, toleo la tatu la 1944 ndo likawa la kistaarabu. Kwahiyo kabla hujampelekea mtu jaribu hivi: kila ukiweka namba, pita kidogo zaidi ya unapotaka kisha rudi, siku zote kutoka upande ule ule. Ukiona msalaba sasa unarudi sawa, huo ni ulegevu wa kawaida wa uzi na unaishi nao. Kama bado unaruka ipeleke kwa fundi wa lenzi, usifungue mwenyewe, na uandike kabisa kwenye karatasi ya kazi kwamba maandishi ya nje yasing'arishwe na rangi isiguswe.